Mlango wa Ngiri Una Njaa

Paukwa!
— Pakawa!
Hapo kale?
— Palikuwa na jambo.
Tulisikie au tulilalie?
— Tulisikie!

Basi kaeni vizuri. Anayetaka kunikatiza anikatize sasa. Nikishaanza sitaki.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama ninyi na mimi, alikuwako Ngiri. Mumewe alikwenda kutafuta malisho mapya, na mpaka leo anayatafuta. Akabaki na watoto watatu: Kwato, Pua, na kitindamimba Kitembe, mwenye ulimi mzito na miguu mifupi. Nyumba yao ilikuwa shimo ardhini, lenye mlango mmoja.

Nyumba ya ngiri ina desturi yake. Watoto huingia kwanza. Mama huingia mwisho, kinyumenyume, matako yakitangulia, meno yakitazama nje. Adui akija, anakutana na meno. Lakini mtoto mmoja tu akichelewa, mama naye hawezi kuingia. Mlango unabaki wazi.

Sasa sikilizeni alivyowalea.

Asubuhi ni kula, na ngiri hula akiwa amepiga magoti. "Pigeni magoti mle!" Watoto wanafukuza panzi. "Pigeni magoti, Chui huyo!" Puu, wote chini.

Mchana ni kuoga tope. "Geukeni upande wa pili!" Watoto wanarushiana matope. "Geukeni, Chui huyo!" Wote wanageuka.

Jioni ni kulala. "Ingieni ndani!" Watoto wanazunguka kichuguu. "Ingieni, Chui huyo!" Wanaingia wakisukumana.

Asubuhi Chui, mchana Chui, jioni Chui. Na msimseme Ngiri vibaya hapa mbele yangu! Hakuwa mama mbaya. Alikuwa amechoka, yuko peke yake, na neno hilo lilikuwa linafanya kazi haraka.

Kumbe Chui mwenyewe yuko kichakani bondeni, anasikia. Siku ya kwanza akasema, "Nani ananiita?" Siku ya pili akasema, "Naitwa tena." Siku ya tatu akajinyoosha. "Niitwe mara zote hizi nisiitike? Wataniona sina adabu." Akanyanyuka.

Jioni ile Ngiri akamwona kwa macho yake. "Chui huyo!"

Kwato akacheka. "Mama naye! Kila siku Chui."

Pua akaendelea kuchimba. Kitembe hakugeuza hata kichwa.

Chui akaruka, akamdaka Kitembe mkia. Ngiri akamvaa ubavuni kwa meno yote mawili. Chui akaachia, akatimka na manyoya mdomoni. Mkia wa Kitembe ukabaki mtupu, na kishungi tu nchani.

Mnadhani yameisha? Ndiyo kwanza yameanza.

Tangu siku ile watoto hawakutoka shimoni. Siku ya kwanza hawakula. Siku ya pili hawakula. Siku ya tatu mbavu za Kitembe zilihesabika, na akiitwa haitiki. Ngiri akafoka. Akasihi. Mwisho akakaa mlangoni akalia.

Akapita jirani yake, Nguchiro, yule anayemchambua kupe. Nyuma yake watoto saba.

"Hodi, mama Kwato."

"Karibu. Mimi nafiwa, jirani."

Akamweleza yote. Kisha akauliza, "Wewe una saba. Wanakula, wanaoga, wanalala, na sijakusikia ukifoka. Unawafanyaje?"

"Nacheza nao."

Ngiri akapandwa na hasira. "Unanicheka! Nachimba mizizi tangu alfajiri, mgongo unaniuma, nicheze? Nicheze saa ngapi?"

"Saa ileile unayofoka," akasema Nguchiro. "Kula si lazima wale? Mchezo uwe humo humo kwenye kula. Kuoga, humo humo. Kulala, humo humo. Sikukwambia uongeze saa, mama Kwato. Nimekwambia ubadilishe sauti."

Ngiri akainamisha kichwa. "Sijui kucheza. Hakuna aliyecheza nami utotoni."

"Nani alinifundisha mimi? Hawa hawa. Anza tu. Ukikosea watakusahihisha, tena kwa kelele."

Nguchiro akaenda zake. Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto, asionekane na mtu. Sauti yake ilikuwa kama jiwe linalosagwa. Akaimba hivyo hivyo:

"Mlango una njaa!"

Kimya.

"Mlango una njaa, haujala tangu jana!"

Kimya.

"Mlango una njaa, tumbo linaunguruma!"

Kutoka gizani ikaja sauti ndogo. "Unataka kula nini?" Alikuwa Kitembe.

"Unataka mkia wenye kishungi!"

Kitembe akafikiri. Yeye tayari yuko ndani. Ili mlango umle, ni lazima kwanza atoke. Akatoka. Akageuka kama mama yake, akaingia kinyumenyume.

"Nyam!" akasema Ngiri.

"Tena!" akasema Kitembe.

"Na mimi!" akasema Pua.

"Mimi mkubwa, nianze mimi!" akasema Kwato.

"Mlango unaanza na mdogo," akasema Ngiri. "Ndiyo sheria yake."

Asubuhi wakatoka kula. Wakapiga magoti mbele ya majani. "Shikamoo, nyasi!" Ngiri akaitikia kwa sauti nyembamba ya nyasi, "Marahaba, wanangu. Nileni." Wakala mpaka wakabeua.

Mchana, kwenye tope, akawapika kama chapati. "Upande huu umeiva?" "Bado!" "Sasa?" "Umeiva, geuza!" Wakageuka wote pamoja, chwaa!

Jioni, mlango una njaa. Mdogo, wa kati, mkubwa, halafu mama. Nyam, nyam, nyam, nyam.

Sisemi aligeuka malaika. Ziko siku alifoka. Lakini jina la Chui hakulitaja tena, na mbavu za Kitembe zikafunikwa.

Siku nyingi zikapita. Kidonda cha Chui kikapona. "Mbona siku hizi siitwi?" akasema. "Nitakwenda bila kuitwa." Akaja asubuhi, jua likiwa jeupe, watoto wakiwa magotini wanazisalimia nyasi.

Ngiri akaona madoa yanatembea kwenye majani. Lile neno la zamani likapanda kooni, likafika kwenye meno. Akalimeza. Akaimba:

"Mlango una njaa!"

Watoto wakainua vichwa. Asubuhi hii? Wakafurahi. "Unataka kula nini?"

"Unataka mkia wenye kishungi!"

Kitembe akatimua mbio, mkia juu, akageuka, akaingia. Nyam!

"Unataka mkia wa Pua!" Nyam!

Chui akaruka.

"Unataka mkia wa Kwato!" Nyam! Ngiri akageuka palepale, matako yakatangulia, meno yakabaki nje. Chui akachomeka uso mlangoni.

"Mama," akauliza Kitembe kutoka ndani, "mlango umeshiba?"

"Bado," akasema Ngiri. "Unataka pua."

Akasukuma meno mbele. Chui akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde, akakimbia na pua iliyochanika vipande viwili. Hakuja tena, aitwe asiitwe.

Shimoni watoto wanacheka. Hawakujua. Walidhani ni mchezo tu, na ulikuwa mchezo.

"Tena, mama!" akasema Kitembe.

Ngiri akajilaza palepale mlangoni. "Tena jioni, mwanangu," akasema. "Acha kwanza mlango upumzike."

Basi, mafunzo nitawapa wazi, sipendi kuzungukazunguka. Mtoto anayetishwa kila siku, siku ya hatari hatakusikia. Na mchezo haukuongezei kazi. Uko humo humo mnamokula, mnamooga na mnamolala. Ninyi wenye watoto magotini, imbeni hata kama sauti ni mbaya. Ya Ngiri ilikuwa mbaya zaidi.

Hadithi yangu imeingia shimoni kinyumenyume, meno nje. Anayetaka kuitoa, aje na yake tubadilishane.