Betri Iliyotunziwa Wageni

Ndugu zangu, sogeeni mbele, msiache nafasi katikati. Nanyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, nitainua sauti ili mfano huu uwafikie, maana unawahusu nyinyi, na unatuhusu zaidi sisi tulioketi huku mbele tukidhani kwamba tunasikia.

Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyesomesha Qur'ani. Darasa lake halikuwa la watoto. Lilikuwa la watu wazima, waliokuja msikitini baada ya sala ya Alasiri na harufu za kazi zao bado mikononi: muuza nyama, fundi wa baiskeli, karani wa mahakama, dereva wa lori aliyestaafu. Walisoma kwa taabu, ndimi zimekakamaa kwa umri, naye aliwasikiliza kwa upole na kwa ukali kwa pamoja. Herufi iliyopaswa kutoka kooni ikitokea kwenye ncha ya ulimi, aliinua kidole kimoja tu, na msomaji akarudi nyuma. Sikio ndilo lililokuwa chombo chake cha kazi, kama randa ilivyo kwa seremala.

Basi Mwenyezi Mungu akamtahini katika sikio hilo hilo. Sauti za ndege ziliondoka kwanza, kisha herufi nyembamba, kisha sauti za wanawake. Jamaa yake mmoja akamletea kifaa cha kusaidia kusikia, kidogo, chenye umbo la korosho, kinachokaa nyuma ya sikio chini ya ukingo wa kofia. Siku ya kwanza alipokivaa alisikia maji yakitiririka kwenye birika la kutawadhia, na watu walimwona akilia huku mguu mmoja bado haujaoshwa.

Lakini kifaa kile kilikula betri. Betri zenyewe ni ndogo kama dengu, katika mji ule hazikuuzwa, ziliagizwa mbali na zilifika zilipotaka kufika. Tena joto letu na unyevu wetu wa pwani havikuzihurumia. Betri ilipokaribia kuisha, kifaa kililia milio mitatu myembamba ndani ya sikio, ambayo hapana mwingine aliyeweza kuisikia. Baada ya milio hiyo, pengine ilibaki saa nzima. Pengine ilibaki dakika tano. Yeye hakujua. Je, mmepata kufikiri ni maisha ya namna gani hayo, kuzungumza na watu huku moyo wako unasikiliza kitu kingine, unangoja milio mitatu?

Siku moja kifaa kikazimika katikati ya darasa. Muuza nyama alikuwa akisoma. Mwalimu, kwa haya, hakusema kitu. Aliendelea kuitazama midomo na kutikisa kichwa, "Vyema, endelea. Vyema." Muuza nyama akanyamaza, akamtazama, kisha akasema kwa sauti ya sokoni:

"Maalim, nimeruka mstari mzima, nawe waniambia vyema! Au leo nami nimeshakuwa sheikh?"

"Mwache," akasema fundi wa baiskeli. "Leo amekusamehe makosa ya mwaka mzima, shukuru urudi nyumbani."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akacheka nao, kwa kuwa aliyaona meno yao. Maneno hakuyasikia hata moja, mpaka karani alipomwandikia kwenye ukingo wa daftari kilichosemwa. Hapo kicheko kikamganda usoni.

Alitoka msikitini akiwa na azimio. Tangu siku ile, betri ingekuwa ya darasa, ya msikiti na ya wageni. Nyumbani angekizima kifaa. Alijiambia hivi: wa nyumbani wananijua, nami nawajua. Mke wangu atasema chakula kiko tayari. Binti yangu atasema chai hii hapa, Baba. Kuna nini zaidi cha kusikia humo?

Na azimio hili hakumwambia mtu. Hapo ndipo kosa lilipokaa, ndugu zangu, nawaomba mpatazame vizuri. Hakukivua kifaa, kwani angekivua watu wa nyumbani wangeona na wangejua. Alipofika kizingitini alipitisha ukucha nyuma ya sikio, akakifungua kile kijumba cha betri, na kifaa kikafa mahali pake, kikionekana vile vile kama kizima. Kisha akaingia, akasalimu, akakaa. Aliyeambiwa neno, alitikisa kichwa na kutabasamu. Mkewe akamwambia binti yake, "Baba yako siku hizi mzito wa kujibu, lakini alhamdulillahi, anasikia."

Mwezi huo akaja mposaji. Alikuwa mfanyabiashara wa mji wa jirani, mtu wa maneno mazuri, naye alikuja na ami yake. Hao walikuwa wageni. Kwa ajili yao kijumba kilifungwa, kifaa kikawaka, na mwalimu akasikia kila herufi ya heshima waliyomletea. Akaridhika. Siku ya ndoa ikatajwa.

Asubuhi ya pili binti akamletea baba yake chai, akaketi mkekani, akasema, "Baba, mtu huyu simtaki. Mke aliyemwacha alitoka kwake na mkono uliovunjika. Nimeyasikia kwa kinywa chake mwenyewe yule mwanamke." Baba alikuwa na kitabu mapajani. Alitikisa kichwa, akapokea kikombe, akatabasamu.

Siku ya nane akamwambia tena, akisimama mlangoni, na sauti inamtetemeka. Akatikisiwa kichwa tena.

Mara ya tatu nguo za harusi zilikuwa zimekwisha kushonwa. Binti akapiga magoti, akaushika upindo wa kanzu ya baba yake, akasema, "Baba, namwogopa. Ukinipeleka kule utanizika." Na yule baba, akiona mwanawe amepiga magoti na macho yana machozi, akadhani anaomba radhi kama wafanyavyo mabinti wanapokaribia kuondoka. Akaweka mkono juu ya kichwa chake akamwombea: "Mungu akubariki, mwanangu, akupe maisha mema huko uendako."

Binti akainuka, akaenda kwa mama yake. "Nimemwambia mara tatu, Mama. Amenisikia, na amenipa baraka niende." Mama akaufunika uso wake kwa upindo wa kanga. Akasema, "Kama amesikia na bado amekata hivyo, basi mimi sina kauli juu ya kauli yake." Wakanyamaza wote wawili. Na nyumba ile iliponyamaza, mwalimu hakuona tofauti yoyote.

Ikafika siku ya ndoa. Mnaijua desturi: bwana harusi na watu wake wanangoja msikitini, kadhi amekaa, na baba huenda na mashahidi wawili mpaka mlango wa chumba alimo mwari, kumwomba idhini. Nasi tumefundishwa kwamba mwari huona haya, kwa hiyo akinyamaza, kimya chake ni idhini yake.

Kwa saa hiyo mwalimu alikuwa ameitunza betri yake ya mwisho. Nyingine hazikuwa zimefika. Siku tatu hakukiwasha kifaa hata darasani, ili asikose jibu la mwanawe. Akakifunga kijumba, sauti zikamrudia: vikombe uani, vicheko vya shangazi, udi ukipasuka juu ya makaa. Akashika njia ya ukumbini, mashahidi nyuma yake. Na kabla hajafika mlangoni, milio mitatu ikalia sikioni mwake.

Siku tatu za kuitunza, nayo inaisha sasa? Akaharakisha. Akasema kwa sauti iliyompanda kuliko alivyotaka: "Mwanangu, fulani bin fulani amekuposa, na mahari yake unayajua. Waniidhinisha nikuoze?"

Kimya.

"Waniidhinisha, mwanangu?"

Kimya. Akasikia feni ikizunguka. Akasikia bangili moja ikigonga nyingine. Milio mitatu ikalia tena.

"Mwari amenyamaza, Maalim," akasema shahidi wa kwanza. "Kimya ni idhini. Twende, kadhi anangoja."

"Twende, Maalim," akasema wa pili. "Unataka akuimbie?"

Mwalimu akageuka, akapiga hatua moja, akasimama. Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa amesomesha miaka thelathini, na wasomaji wa Qur'ani wanajua kwamba kusimama si kwa namna moja. Msomaji husimama kwa kuwa maana imetimia, na pumzi yake hutua taratibu. Tena msomaji husimama kwa kuwa pumzi imemkatikia, na maneno bado yamo kifuani. Sikio lililofundishwa halichanganyi viwili hivyo. Na kilichotoka nyuma ya mlango ule kilikuwa pumzi iliyokatika.

Akarudi. Akaweka kiganja mlangoni. "Mwanangu, huku si kunyamaza kwa aliyeridhia. Una neno. Liseme."

"Neno gani tena, Baba?" sauti ikatoka ndani, ndogo, imechoka. "Nimekwambia mara tatu. Nilikwambia mtu huyu huvunja mikono ya wake zake. Nilikushika kanzu nikakwambia namwogopa. Ukatikisa kichwa. Ukaniombea dua. Leo waniuliza mbele ya mashahidi, unataka nini kwangu?"

Akafungua kinywa amjibu, na sikio likafa.

Milio haikulia tena. Alibaki amesimama katika ukimya wake wa zamani, kiganja kiko mlangoni, na katika ukimya ule, mara ya kwanza, akaziona asubuhi zote: chai, mlango, magoti, mkono wake mwenyewe juu ya kichwa kile.

Akatoka. Mashahidi walimshika mikono, walimsemesha, hakusikia. Akaingia msikitini, watu wamejaa, sinia za halua zimefunikwa, bwana harusi amekaa mbele ya kadhi na mkono ameshaunyoosha. Mwalimu akasimama katikati yao akasema:

"Jamaa, hapana ndoa. Binti yangu amekataa. Msiseme amekataa leo mkamlaumu. Alikataa mwezi uliopita, akakataa tena, na akakataa tena. Ni mimi niliyechelewa kufika."

Ami wa bwana harusi akainuka akipiga kelele. Watu wakasema fedheha, wakasema mzee amerukwa na akili, muuza nyama akawajibu, msikiti ukavuma kama mzinga wa nyuki. Na yule baba hakusikia hata neno moja la hayo yote. Alikuwa ameshasikia alichohitaji kusikia. Akachukua viatu vyake akarudi nyumbani.

Sasa niulizeni: betri aliyoitunza ilimfaa nini? Kabla sijawaletea mfano huu nilimwendea mtaalamu wa vifaa hivi nikamuuliza kama mtu akizima, betri hubaki. Akanambia betri zile huamshwa na hewa. Zimezibwa kwa kibandiko, na kibandiko kikishabanduliwa, hewa imeingia, na kuanzia hapo zinaisha, utumie usitumie. Ukizima unaokoa kidogo, lakini huzuii. Kwa hiyo saa zile alizowanyima watu wake hakuziweka akiba mahali popote. Zilikwenda tu.

Nasi je? Mimi na wewe ambao masikio yetu ni mazima, hatuhitaji korosho nyuma ya sikio wala dengu kutoka mbali, ni nani anayetupata tukiwa tumewaka? Mteja akisema, tunainama mbele. Mkubwa wa kazini akinong'ona, tunasikia. Mtu tusiyemjua akipiga simu, tunatoka nje tumsikie vizuri. Kisha tunafika kizingitini petu, tunapitisha ukucha, na mke anasema, tunamjibu "mmh." Mtoto anasema, "mmh." Mama mzazi anasema kitu alichokingoja siku nzima kutuambia, "mmh." Hiyo "mmh" yetu, wallahi, ndiyo kile kichwa kinachotikisika. Aliye mbele yetu anadhani tumesikia na tumeamua. Anakwenda na jibu ambalo hatukulitoa.

Na tunathubutu kuinua mikono tukamwomba Mwenye Kusikia atusikie, Yeye asiyezima kwa mja yeyote, na sisi tumewazimia hata waliotupikia futari.

Mwalimu yule alijaaliwa kurudi mlangoni. Sina dhamana kwamba mimi nitajaaliwa, wala wewe. Wapo waliofunga ndoa juu ya kimya cha namna ile, na wapo waliozika.

Basi leo, ukifika nyumbani, kabla hujavua kanzu, mtafute mtu mmoja. Usimtafute anayekulalamikia, kwani huyo bado ana tamaa nawe. Mtafute yule ambaye siku hizi hasemi. Keti chini kuliko yeye, umwulize alikuwa akikuambia nini. Na akikujibu, "Nimekwisha kukwambia," usijitetee. Mwambie, "Sikuwapo. Niambie tena."

Mungu atuwahishe kwao. Inukeni, mwende.