Kibuyu cha Somoe

Wenyeji mpo? Semeni: Tupo, na moto tumeuchochea.

Ngano iko mlangoni! Semeni: Iingie, ikae nasi.

Na atakayesinzia? Semeni: Muhogo wake tutamlia.

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakibisha hodi kama watu, palikuwa na mke jina lake Somoe, na mumewe Chilumba. Walipendana, tena si kupendana kule kwa kujionyesha mbele ya wakwe.

Nchi yao ilikuwa na mila yake. Mume akienda safari ya mbali, aliondoka na kibuyu cha mafuta ya ufuta ya mkewe. Mke hakupaka mafuta tena, hata tone, mpaka mume arudi. Siku ya kurudi, mume alimkalisha mkewe uani, watu wote wakitazama, akampaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Na mke akiukwepa mkono ule, basi amemkataa mume, na ndoa imevunjika papo hapo.

Chilumba akajitwika kibuyu, akaenda kutafuta chumvi. Mvua zikanyesha, zikakatika. Zikanyesha tena, zikakatika. Zikanyesha mara ya tatu, Chilumba hajaonekana.

Kila jioni Somoe alikaa pale uani, palepale atakapopakwa. Alikumbuka kile kiganja kikubwa chenye sugu, kilivyokuwa kikianzia bega la kushoto bila haraka. Alikuwa na hamu nacho mpaka chakula kikamshinda. Akaimba:

Chilumba we, rudi,
mkono umekwenda na kibuyu,
nami nimepauka.

Na kweli alikuwa amepauka. Akijikuna, mistari myeupe inabaki mkononi. Akaingiwa na hofu kwamba Chilumba akirudi akamkuta vile, atageuza njia.

Nyoka Swila alikuwa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Alikuwa ametoka kujivua gamba, anang'aa, anajisikia. Akabisha hodi, akaweka chini jani lenye dawa nyeupe, nzito, yenye chembe zinazometameta na kukimbiakimbia.

Somoe akamwambia mila inamkataza mafuta.

"Kwani haya ni mafuta, dada Somoe?" Swila akasema. "Mafuta hulainisha. Hii hubabua. Paka, babuka, ung'ae."

Jamani, hapo ndipo Somoe alipokosea! Alijali tu kama ni mafuta. Hakuuliza ni kitu gani.

Akapaka uso. Uso ukababuka, ukang'aa. Jua la asubuhi, lile wanaloota watoto, likamchoma mashavu. Akajifunika nguo, akaimba wimbo wake.

Swila akaja tena. "Paka, babuka, ung'ae." Somoe akapaka mikono na kifua. Vikababuka, vikang'aa. Vidole vikaanza kutetemeka, mchi ukawa unamponyoka kinuni. Kuku akadonoa lile jani, akafa hapo hapo. Somoe akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku.

Mama yake Chilumba akamsihi aache. Somoe akamjibu kwa adabu zote kwamba mume wake lazima amkute anang'aa.

Swila akaja mara ya tatu. "Paka, babuka, ung'ae." Somoe akapaka kila mahali mkono wake ulipofika. Akababuka, akang'aa. Usiombe! Hata nguo ikimgusa, alihisi pilipili. Akajikokota mpaka kichuguuni, akaomba arudishiwe ngozi yake.

Swila akatoa kichwa. "Mimi nikibabuka, chini nina gamba jingine," akasema. "Wewe chini una nini?" Akarudi ndani.

Basi, si ndiyo siku ile ile Chilumba akarudi? Vigelegele vikapigwa, watu wakajaa uani. Chilumba akamtazama yule mwanamke mwekundu aliyevimba kope, akamwuliza mama yake Somoe yuko wapi. Somoe akaimba kwa sauti ndogo, Chilumba we, rudi, na kwa sauti ile mumewe akamjua.

Akamkalisha. Akafungua kibuyu, akamimina mafuta kiganjani. Akaanzia bega la kushoto.

Somoe akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Umenikataa, Somoe?"

"Sikukukataa, mume wangu. Ngozi ndiyo inayokukataa."

Akaeleza yote, jani la kwanza mpaka la tatu, akilia. Chilumba naye machozi yakamtoka, mafuta yakimvuja vidoleni. Lakini wazee wakasema mila ni mila, mkono umekwepwa, na mmoja akanyoosha mkono achukue kibuyu akivunje, iwe ndoa imekwisha.

Ndipo Somoe akageuka. Akashusha nguo mgongoni, polepole, akiuma meno. Katikati ya mabega palikuwa na mahali padogo, peusi kama Chilumba alivyopaacha, ila pamepauka.

"Hapa mkono wangu haukufika," akasema. "Hapa panakungoja bado."

Chilumba akaweka kiganja chake pale. Kikaenea, hapakubaki nafasi. Somoe hakukwepa. Mafuta yakaingia, na mzee akakiacha kibuyu.

Wakakaa pamoja. Kila jioni Chilumba alimpaka pale mgongoni, kisha akajaribu bega kwa ncha ya kidole. Siku nyingine bega lilikubali, siku nyingine lilikataa. Somoe alifumba macho, akiutamani ule mkono uliokuwa nyuma yake.

Ndiyo nawaambia, kabla hujapaka, uliza kilichomo. Anayekuuzia asipojua kilichomo, au akijua asiseme, mrudishie jani lake.

Na wewe wifi yangu unayejifanya unakohoa, kile kikopo ulichoficha nyuma ya mtungi nimekiona.

Ngano inaaga! Semeni: Iende salama, ituachie moto.