Maiki ya Msibani

Palikuwa na fundi redio mmoja, wapendwa, aliyekuwa na dada mmoja tu duniani, na walikuwa hawasemezani. Nyumba zao zilitenganishwa na wigo wa mianzi. Akikohoa huyu, yule anasikia.

Ilianzia kwenye msiba wa mama yao. Fundi alipewa maiki ya kanisa atoe shukrani. Uchungu ukampanda kichwani, akasema mbele ya umati mzima: "Mama amekufa na kiu, na dada yangu akiwa humuhumu ndani ya nyumba!" Uongo mtupu. Dada alimuuguza mama yao miezi saba, akimgeuza kitandani kama mtoto mchanga. Siku ile alijitanda kanga, akapita katikati ya watu, akaenda kwake. Neno likishatoka halirudi, na hili lilitoka kwa spika mbili.

Mwaka wa tatu ulipoingia, fundi alikuwa amekonda kwa kumkumbuka. Alikumbuka dada alivyokuwa akimtania kwa masikio yake makubwa, na viazi vya kuchoma alivyomletea vikiwa bado na majivu. Jioni akisikia ufagio wa dada yake upande wa pili, aliacha kazi na kusikiliza. Alimtamani dada yake, basi.

Kanisa likanunua mashine mpya ya sauti, na ile maiki ya zamani ikatupwa stoo chini ya viti vibovu. Fundi akaiomba, akaja nayo nyumbani.

"Ya nini hiyo?" mkewe akauliza.

"Mama Tuntufye, kwetu neno la msibani hufutwa hadharani. Nilimwaibisha kwa maiki hii, nitamwomba radhi kwa hiihii."

"Si uzunguke tu wigo, Baba Tuntufye? Ni hatua ishirini."

"Nizunguke nikanong'one sebuleni, wakati nilimvua nguo mbele za watu?"

Mnamsikia? Maneno ya heshima hayo! Lakini niulize, wapendwa: ilikuwa heshima kweli, au ni woga uliojifunika shuka ya heshima?

Maiki nayo haikuelewana na mashine za siku hizi. Plagi yake ilikuwa ya kizamani, na mashine inataka ya pini tatu. Fundi akaikata, akamenya waya: ndani nyuzi mbili nyembamba, nje msuko wa shaba wa kuzuia kelele. Akaunga hivi, spika ikanguruma. Akaunga vile, ikapiga mluzi kuku wakatawanyika. Kila jioni ni hivyohivyo: "Aloo, aloo. Moja, mbili. Moja, mbili." Kila alipoanza, ufagio wa ng'ambo ulinyamaza. Akadhani makelele yake yanamkera dada, ameingia ndani. Moyo ukamuuma, akapunguza sauti.

Siku moja mkewe akamwambia, "Mbona inasikika vizuri sasa?"

"Bado inakwaruza kidogo."

Akaifungua tena. Mvua za masika zikaja, zikaisha, bado yuko kwenye moja, mbili.

Hatimaye maiki ikatengemaa, na Jumapili ikafika. Akasimama mbele ya kanisa, sauti ikatoka safi. "Dada yangu, nilisema uongo. Mama alikufa mikononi mwako, na kikombe cha maji umekishika wewe." Kina mama wakalia. Fundi akatazama benchi moja baada ya jingine, akatazama hadi mlangoni. Dada hayupo.

Bibi mmoja jirani akamshika mkono nje. "Ulikuwa mjini kutafuta plagi, baba. Alhamisi binti wa dada yako alikuja kumchukua, amehamia huko kwake. Ameacha neno."

"Neno gani, bibi?"

"Amesema: 'Mwambieni mdogo wangu nilikuwa namsikia. Kila jioni aliita aloo, nami nikaacha kufagia, nikasogea wigoni, nikangoja neno linalofuata. Halikuja.'"

Wapendwa, ufagio haukunyamaza kwa hasira. Ulinyamaza kwa kungoja.

Na sisi je? Nani hapa bado yuko kwenye moja, mbili? Unangoja Krismasi. Unangoja kikao cha ukoo. Unasema nitamwambia vizuri, kwa utaratibu, sauti isikwaruze. Sikatai, aliyekosea hadharani atubu hadharani. Lakini nani alikukataza kuanzia wigoni? Sauti inayokwaruza ni sauti pia! Mungu wetu mwenyewe hakungoja tutengemae ndipo aje.

Mnataka kujua fundi alifanyaje? Aliiacha maiki benchini, akaenda stendi na nguo zake za kanisani. Kama alifunguliwa mlango, mimi sijui. Dada hakuwa na deni la kumfungulia.

Ila kuna mtu hapa ambaye wigo wake bado una mtu upande wa pili, ameshika ufagio, anasikiliza. Nilikuwa na hoja mbili zaidi leo. Naziacha. Naizima maiki hii. Nenda.