Kaniki Iliyokatwa Benderani

Weka fimbo chini, wewe Masele. Weka, nimesema! Na nyinyi mliojificha nyuma yake mkijifanya hamkumwaga nyanya za Bibi Ngollo, sogeeni hapa mkae. Eti mmemwadhibu kwa sababu bendera ilikuwa inashushwa naye hakusimama. Mimi nimekuwa tarishi wa ofisi hii miaka thelathini na mmoja. Nimeipandisha na kuishusha hiyo bendera tangu mama zenu hawajaota meno, na sikuwahi kumpiga mtu teke kwa ajili yake. Mnapigania kitu msichokijua. Basi nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na babu yangu, na atakayenikatiza ataondoka hapa.

Hapo kale hapakuwa na bendera katika nchi hii. Watu wa Mlimani walifuga, wakavaa nguo nyekundu. Watu wa Ziwani walivua, wakavaa shuka nyeupe. Watu wa Bondeni walilima mtama, wakavaa kaniki, kwa sababu udongo wao ni mweusi na kaniki haionyeshi udongo. Walioana, wakaibiana mbuzi, wakatukanana sokoni, wakazikana. Hakuna aliyetaka nguo moja ya wote.

Kisha vikaja vita. Wavamizi waliingilia Bondeni, maana njia ilikuwa huko, na mapigano yakaendelea miaka mitatu. Vijana wa pande zote tatu walikwenda pamoja. Waliorudi walikuwa wachache, na wa Bondeni, babu alikuwa akisema, ukiwahesabu kwa vidole vya mikono, vidole vilibaki. Kati ya wasiorudi alikuwamo Mihambo, mtoto wa pekee wa Nyanzobe, mjane aliyekuwa akiwashonea watu nguo na ngozi. Mwili haukupatikana. Wenzake walimletea mama yake kaniki tu, imekauka jasho na vumbi, ina tobo la mkuki ubavuni.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo penye kiini. Siku hizo mtu akifia mbali na mwili usipatikane, nguo yake ndiyo iliyozikwa. Haikufuliwa kamwe, kwa kuwa jasho lililomo ndilo mtu mwenyewe. Ilibebwa kwenye machela kama maiti, na ilipopita kila mtu alisimama. Hata mgonjwa aliinuliwa akashikiliwa. Na jua likitua kabla ya kufika kaburini, nguo iliingizwa ndani ya nyumba, maana maiti halazwi nje.

Nyanzobe alikuwa amekwisha kuchimba kaburi la mwanawe pale Mtemi Kisandu alipofika kwake. Mtemi huyu alikuwa mtu wa Mlimani. Alikaa chini mavumbini, akasema, "Mama, nchi imebaki vipande vipande. Nataka nguo za waliokufa zishonwe pamoja ziwe moja, niitundike kwenye mlingoti mrefu, wote waione."

"Na mwanangu atazikwa lini?"

"Hatazikwa chini, mama. Kila asubuhi na kila jioni watu watasimama kwa ajili yake kama anapita kwenye machela. Jua likitua ataingizwa ndani. Nakuapia."

Nyanzobe alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalifukia lile kaburi tupu, akachukua sindano. Alishona nguo nyekundu juu, nyeupe katikati, kaniki chini. Ile ya Mihambo aliiweka pembeni kabisa, karibu na mlingoti, ili upepo usiichane.

Na watu walisimama. Jamani, walisimama! Miaka mingi ilipita hivyo. Kila alfajiri Nyanzobe alikwenda pale na jembe begani, akasubiri nguo ipande, akaiambia kaniki, "Umeamkaje, baba?" Halafu akaenda shamba. Hilo ndilo lililomweka hai, maana hakuwa na kingine.

Siku moja Mtemi alipata habari kwamba mfalme wa nchi jirani anakuja kumtembelea. Akaitazama ile nguo, akaona aibu. Ilikuwa na vumbi, na upepo ukivuma upande wa boma ilinuka. Akawaagiza wanawake wa Mlimani waipeleke mtoni, waifue kabla mgeni hajafika. Alijua desturi, lakini alimwogopa mgeni kuliko wafu.

Na kuna jambo hakulijua. Mtoto yeyote wa Bondeni angemwambia kwamba kaniki huchuja, na hailowekwi na nguo nyingine hata siku moja. Lakini nani alimwuliza mtu wa Bondeni? Wale wanawake walizoea nguo nyekundu na ngozi. Waliloweka yote pamoja, wakapigapiga, wakakamua. Walipoikunjua, nguo nyeupe zilikuwa na rangi ya maji ya tope, na jasho la wafu wote lilikuwa limekwenda na mto.

Watu wa Ziwani walipoiona walipiga mayowe kwamba wafu wao wametiwa uchafu. Mtemi angeweza kusema, "Nimekosa mimi." Maneno mawili tu, hata mlevi huyaweza! Badala yake akanyoosha kidole, akasema, "Hii nyeusi ndiyo iliyowachafua wenzake. Ikateni." Wakaikata kwa kisu, mfalme jirani akapokewa na bendera ya rangi mbili, akaisifu.

Kesho yake alfajiri Nyanzobe akaja na jembe lake. Alitazama juu, akasubiri, akatazama tena. Akawauliza walinzi, wakageuza nyuso. Akaingia bomani akiuliza huyu na huyu, hata akafika jikoni. Akamkuta mpishi, msichana mdogo asiyejua lolote, anaipua chungu cha maharage kwa kitambaa cheusi alichokikunja mara mbili, ncha moja imeungua. Nyanzobe akaliona lile tobo la mkuki.

Hakupiga kelele. Alifungua kilemba chake kichwani, akasema, "Mwanangu, nipe hicho, shika hiki." Akakichukua, akaenda nacho Bondeni, akalifukua lile kaburi alilolifukia mwenyewe miaka ile, akamzika Mihambo.

Jioni hiyo bendera iliposhushwa, Nyanzobe alikuja akaketi chini mbele ya mlingoti, miguu kainyoosha. Walinzi wakamwinua kwa makwapa; walipomwachia, akaketi tena. Mtemi akafoka, "Mama, unawadharau wafu wa nchi hii?"

"Siwadharau," Nyanzobe akajibu. "Wangu nimekwisha kumzika. Hao mnaowasimamia, wenyewe wapo."

Basi watu wa Bondeni nao wakaketi, mmoja mmoja. Wa Mlimani na wa Ziwani wakabaki wima, na wengi wao walikuwa wakilia kweli, maana ndugu zao walikuwamo mle. Kila upande ukaona mwenzake anautukana msiba wake. Ikawa fimbo, kisha moto kwenye maghala ya mtama, na Bondeni ikazika tena.

Kisandu alipokufa, mwanawe aliyemrithi alitaka kuyamaliza. Akanunua kaniki mpya kwa wachuuzi, akaishonesha chini ya zile mbili, akaipeleka mwenyewe kwa Nyanzobe, ambaye sasa alikuwa kipofu. "Mama," akasema, "nyeusi imerudi. Simama."

Nyanzobe akaomba aishike. Akaipapasa toka ncha hadi ncha, akainusa.

"Ilivaliwa na nani hii?"

"Haijavaliwa na mtu, mama," Mtemi mpya akasema.

"Basi itundikeni tu," bibi akasema, na hakuinuka.

Na tangu siku hizo bendera hupandishwa jua likichomoza na kushushwa likitua, kwa kuwa maiti halazwi nje, ingawa siku hizi hutoka kiwandani na hakuna aliyeivaa. Na tangu siku hizo wapo wanaoisimamia mpaka machozi yakawatoka, kwa sababu wanamwona mtu wao mle, na wapo wanaoketi, kwa sababu mtu wao alikatwa humo. Ukiwatazama kwa mbali utadhani hawa wana adabu na wale hawana.

Bibi Ngollo naye alikuwa na mtoto, Lutonja, askari. Hamkumjua, mlikuwa hamjazaliwa. Barua ya kifo chake ilikuja hapa ofisini, na kwa kuwa mimi ndiye tarishi, ndiye niliyeipeleka. Aliishika bila kuifungua, akaniuliza, "Na nguo zake?" Nikamwambia ni barua tu. Akaniuliza tena, kama vile sikusikia. Jioni ile niliposhusha bendera aliketi, na hajasimama mpaka leo, na mimi sijawahi kumwambia asimame.

Masele, usinililie mimi. Okota hizo nyanya. Na zile zilizopasuka pia.