Ustadhi Fisi na Maji ya Kusukutua

Mwaka huo mvua iligoma kabisa. Mito ikakauka, nyasi zikawa vumbi, na nyika nzima ikabaki na kisima kimoja tu.

Simba, mfalme mwenye maringo yake, akatangaza: "Wote tufunge, tuombe mvua. Mchana asinywe mtu. Jioni nitakuja, nitakunywa wa kwanza, kisha nyinyi. Fisi atalinda kisima, na yeye ndiye atatuongoza kwenye ibada."

Fisi akafurahi mpaka masikio yakacheza. Akawa askari, akawa ustadhi pia. Kabla ya kila ibada alipanda jiwe lililo kando ya kisima, akachota kata ya maji, akasukutua. Ila hakutema. Alimeza. Na ibada zake zikazidi kuwa nyingi.

Adhuhuri moja Mama Digidigi akaja na mwanawe mgonjwa, mtoto ulimi nje, miguu haimbebi tena.

"Ustadhi, tone tu. Mgonjwa hafungi, si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Kwa dini, mama, ruhusa," Fisi akasema kwa upole. "Lakini sasa hivi mimi ni askari. Sheria ya Mfalme haijamtaja mgonjwa."

"Mbona wewe mdomo umelowa?"

"Hapo nilikuwa ustadhi. Sheria imekataza kunywa, haijakataza kusukutua. Haya, toka!"

Sungura alikuwa kichakani, anasikia yote. Akamnong'oneza Mama Digidigi, "Kaa hapa, shangazi. Mpepee mtoto." Kisha akakimbia kwa Simba. "Mzee, kisimani kuna dawa ya ajabu. Njoo uwe shahidi!"

Simba akaja, wanyama wote nyuma yake. Sungura akainama mbele ya Fisi.

"Ustadhi, maji yaliyopita kwenye mdomo kama wako lazima yana baraka. Tunaomba tope la pale unapotema, tumpake mtoto huyu."

Fisi akavimba kwa sifa. "Chukueni, jamani! Liko hapo chini ya jiwe."

Sungura akachimba. Vumbi likatimka. Akachimba upande wa pili. Simba akapiga chafya.

"Ustadhi, tope liko wapi?"

"Jua... jua limelikausha."

"Basi sukutua sasa hivi, tupate jipya."

Fisi akachota, akajaza mashavu. Wote wakasogea karibu, wanatazama. Mara koo likalia: gudu! Mazoea hayo.

Nyani akaanguka chini kwa kicheko.

"Umekunywa!" Simba akanguruma.

"Mzee, sheria yako haikusema kumeza..."

"Na dini je?" akauliza Sungura.

"Dini imesema nisukutue."

"Na mtoto wangu?" Mama Digidigi akasema, sauti imemkauka. "Yeye nani alimfikiria?"

Simba, ambaye kunywa kwanza ilikuwa haki yake, akaitazama kata, akamtazama mtoto. Akarudi nyuma.

"Mpeni. Mimi nitangoja."

Mtoto akanywa, akafumbua macho, akaomba tena.

"Sheria nitairekebisha," Simba akasema, akitazama pembeni kwa aibu. "Lakini kumhurumia mtoto hakukuhitaji kungoja amri yangu."

Fisi akavuliwa kazi zote mbili. Siku hizi kwenye ibada anakaa nyuma kabisa, na kila akijaza maji mdomoni, watoto wanamzunguka wamemkodolea macho.

"Tema, ustadhi! Tema tuone!"