Fukusi wa Choroko na Fukusi wa Kunde

Hapo zamani, nchi ya Ugogo ikiwa bado na watemi wake, mvua ilikataa kunyesha mwaka wa kwanza, ikakataa wa pili. Mtama uliungua shambani. Katika kijiji cha Mtemi Madinda zikabaki choroko za mbegu tu, zimehifadhiwa ghalani ndani ya vilindo vya magome ya mti. Zikipona, watu wangepanda siku mvua ikirudi. Zikiliwa, wangehama, na vikongwe wangeachwa njiani.

Na fukusi, wadudu wala mbegu, walikwisha kuingia.

Mtemi akasema, "Atakayezilinda mbegu hizi mpaka mvua irudi nitampa shamba la chemchemini, lisilokauka. Ni moja, chemchemi yake ni moja, halikatwi vipande."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Sechelela, mjane asiye na mtoto. Alikaa juani na ungo mapajani, akamtazama fukusi jike akipanda juu ya punje ya choroko. Fukusi akaipapasa, akazunguka, akataga yai moja. Akaja jike mwingine. Akaipapasa punje ile ile, akasita, akashuka, akatafuta iliyo tupu.

"Jamani, njooni muone!" Sechelela aliita. "Huyu mama anapiga hodi! Akikuta nyumba ina mwenyewe, anapita."

Wakaja, wakainama. Kweli. Maadamu punje tupu zilikuwapo, hakuna punje iliyotagiwa mara mbili. Maana choroko ni ndogo, chakula chake kinamtosha buu mmoja. Wawili wakikutana humo ndani hung'atana mpaka mmoja afe.

"Nani kamfundisha?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mama yake alikufa yeye hajatoka kwenye punje."



Sechelela akaosha punje zenye mayai, kwa maji yake akazinyunyizia mbegu safi, akazianika zikakauka. Fukusi walipozipapasa walisikia harufu ya mwenye nyumba, wakapita. Wakapita, wakapita, mpaka wakafa na mayai yao tumboni. Ghala likapona, naye akawa anarudia dawa yake kila fukusi wapya walipotokea.

Lakini mfinyanzi mmoja, Ndahani, aliijaribu dawa ile kwenye kunde zake, ikashindwa. Fukusi wa kunde walitaga juu ya mayai ya wenzao bila kujali, matatu, manne kwenye punje moja. Na humo ndani mabuu wao hawakupigana. Kunde ni kubwa, kila mmoja alikula pembeni kwake.

Ndahani akakosa raha. Je, hawa waliumbwa mbali mbali? Akachukua fukusi wa choroko, akawafungia kwenye chungu cha kunde. Binti zao wakapiga hodi kama mama zao. Wajukuu wakapiga hodi. Vizazi vikapita, na Ndahani akawa anawapa kunde ambazo angezila mwenyewe. Watu wakamwita mfuga fukusi, kisha wakamwita mchawi. Wazazi wa mchumba wake wakarudisha mahari.

Siku moja akafunua chungu, akainama kutazama. Vitukuu wa wale waliopiga hodi walikuwa wakitaga juu ya mayai ya wenzao. Akawarudisha kwenye choroko zilizonyunyiziwa dawa. Wakataga vile vile.

Akakimbia kwa mtemi. "Mtemi, hakuna aliyewafundisha! Katika kunde, anayechagua sana anachelewa, na mwenye haraka anaacha watoto wengi. Watoto wanazaliwa na haraka yake. Kidogo kidogo kunde zimewageuza damu!"

Mtemi akamweka fukusi kiganjani, akamsogeza karibu na macho. "Kidudu kama hiki," alisema taratibu, "na ndani yake wamo bibi zake wote."

"Ndiyo, Mtemi. Na fukusi wa kunde wakiingia ghalani, dawa ya dada Sechelela haitafaa kitu. Kunde zote ziende mbali."

Zikapelekwa mbali, isipokuwa za Chilewa, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa amekwenda kutafuta malisho. Nyumba yake ilikuwa jirani na ghala. Ndahani alipotega sikio kwenye kilindo chake, akasikia fukusi wakitambaa ndani kama mchanga unaomwagika.

"Shemeji, usifungue," alisema. "Ukifungua tu, wataruka. Ukikiinua, kitapasuka, kimeliwa chini."

"Na nisipofungua?"

"Watatoboa, watoke."

Chilewa aliwatazama wanawe. Kilindo kile ndicho kilikuwa chakula chao chote. Akangoja upepo uvume kutoka upande wa ghala, akawatoa watoto nje, akaitia moto nyumba yake, na kunde zikiwamo.

Majirani walimgawia walichokuwa nacho, lakini hawakuwa na kingi. Kitindamimba wake hakuiona mvua.

Mvua ikarudi. Choroko zikaota, mabonde yakawa kijani, watu wakala wakashiba. Mtemi akawaita wale watatu.

Sechelela akasema, "Macho yangu ndiyo yaliyoona kwanza. Bila dawa yangu, Ndahani angechunguza nini, na Chilewa angelinda ghala gani?"

Ndahani akasema, "Dawa yako, dada, ingekufa mikononi mwako nawe hujui sababu. Mimi nilijua, na kujua kuliniondolea mke."

Mtemi akamwambia Chilewa, "Mama, nawe useme."

"Nilikuwa na wanne," Chilewa alisema. "Sasa nina watatu. Sina neno jingine."

Mtemi Madinda akainamisha kichwa. Inasemekana jua lilizama hajakiinua.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msinitazame mimi. Aliyeona, aliyejua, au aliyepoteza: mngemkabidhi nani chemchemi ile?