Tamu Hailali

Mama mmoja alikuwa na mtungi, shamba la ulezi na wana wawili wa kiume. Jina lake lilikuwa Tusajigwe. Mumewe alifariki mapema, naye akawalea wanawe kwa togwa. Nyote mnaijua togwa. Uji unapikwa, unapoa, unatiwa kimea, yaani ulezi ulioloweshwa ukachipua, kisha ukakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachoupa uji utamu. Siku ya kwanza togwa ni tamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ikilala, imechachuka. Ikilala tena ni pombe, na wanaume wanaanza kukumbushana ugomvi wa mipaka.

Kwa sababu hiyo Tusajigwe alikuwa na desturi yake. Jioni, watu wa nyumbani wakishashiba na togwa bado ipo mtungini, alisimama mlangoni akaita, “Tamu hailali!” Wanawe, mmoja akipasua kuni na mwingine akifunga mbuzi, walimjibu kwa pamoja, “Mwite wa mbali!” Kisha walitoka hadi barabarani wakamleta yeyote waliyemkuta: mpita njia, mjane, mzee mwenye vidonda ambaye watu walimkwepa. Huyo alikalishwa karibu na moto, akapewa kibuyu kilichojaa. Msidhani mama huyu alikuwa na cha kumwaga. Siku nyingine alilala kwa maji matupu. Lakini aliona kwamba kitamu kisipomfikia mwingine kabla ya asubuhi kitaharibika tu, tena kitaharibika ndani ya nyumba yake.

Watu walimwamini. Juu ya meko yake palikuwa na uchaga, na moshi wa pale uliwafukuza wadudu wanaotoboa nafaka. Kila baada ya mavuno majirani walimletea mbegu zao za ulezi ndani ya vibuyu, kila kibuyu na alama ya mwenyewe, vikae salama mpaka mvua. Mmoja wa majirani hao alikuwa Subilaga, mjane mwenye watoto wadogo na paa linalovuja. Yeye hakuwa na akiba nyingine. Kilichokuwa kwenye kibuyu chake ndicho kilikuwa mwaka wake ujao.

Tusajigwe akafa, na watu wakakaa matanga. Mnajua kazi ya mtani msibani. Ana ruhusa ya kusema lolote, aigize mwendo wa marehemu, amdai maiti kuku wake, ili waliofiwa wapate kupumua. Maneno yake hayawekwi moyoni. Yakishachekesha, kazi yake imekwisha. Basi siku ya kuanua matanga togwa ilipikwa nyingi, na jioni ikabaki. Ambilikile, mwana mkubwa, akasimama mlangoni pa mama yake akaita, “Tamu hailali!” Sauti ikamkatika, akalia mbele za watu kama mtoto. Hakuna aliyejua afanye nini. Ndipo mtani wa ukoo, kwa huruma kabisa, akaliziba lile pengo: “Kesho ni mbali!” Akanyakua kibuyu akanywa mpaka togwa ikamtiririka kidevuni. Watu wakaangua kicheko. Ambilikile naye akacheka huku machozi yanamtoka, akaona moyo umekuwa mwepesi, akanywa.

Gwakisa, mdogo wake, alisikia. Alijua neno lililoondolewa na neno lililowekwa. Lakini alijiambia kwamba si adabu kumsahihisha kaka mbele ya waombolezaji, na kwamba utani ni utani. Nitamwambia kesho, alisema moyoni. Kulipokucha aliona jambo lenyewe limeshapita, la nini kulifukua.

Halikupita. Lilikuwa tamu mdomoni, na neno la mwisho lilikuwa lilelile, mbali, kwa hiyo wizi wenyewe haukuonekana. Vijana wakaliimba ngomani. Likaandikwa kwenye ukuta wa kilabu cha pombe pale njia panda. Mzee mmoja wa kanisa akalisema harusini, akatabasamu, akaongeza kwamba hiyo ni hekima ya marehemu bibi Tusajigwe. Watoto waliozaliwa baada yake hawakusikia jingine. Hivyo mwanamke yule akasemeshwa kaburini maneno ambayo hakuyasema, na waliomsemesha walikuwa wanampenda. Hili linanichoma kuliko mengine yote.

Nataka muelewe kwamba Ambilikile hakuwa mtu mbaya. Msijirahisishie kazi kwa kumchukia. Nyumba yake ilikuwa na vicheko, mtungi wake haukukauka, na aliyekwisha kuketi ndani hakuondoka na kiu. Ila hakuna aliyetumwa tena barabarani. Jioni ilipofika walipaza sauti, “Tamu hailali!” na wale waliokuwa wameshashiba wakajibu, “Kesho ni mbali!” Wakanywa mpaka chini.

Ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa. Ulezi wa kula ukaisha nyumba hadi nyumba. Kwa Ambilikile nao ukaisha, lakini wageni hawakuisha, na yeye alikuwa na haya ya kuwaambia watu kwamba mtungi ni mtupu. Akateremsha kibuyu chake cha mbegu kutoka kwenye uchaga wa mama yake, ambako majirani bado waliweka mbegu zao. Halafu cha Gwakisa, na Gwakisa akatazama pembeni. Halafu, kwa kuwa mkono umeshaizoea njia, akateremsha vya majirani. Alisema mvua ikikaribia atarudisha. Mbegu zikaloweshwa, zikatandazwa juu ya majani ya migomba na kufunikwa, zikachipua. Waliofunua majani waliona vichipukizi vyeupe vimesimama, wakashangilia, maana kimea kilikuwa kizuri. Ulezi wa kijiji kizima ukaotea jikoni, wakati mashamba yalikuwa yamekauka.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa mlimani, Subilaga alikuja kuchukua kibuyu chake. Alikikuta. Kilikuwa mkononi mwa mgeni mmoja, kimekatwa mdomo, kinanywewa. Mwanamke huyu hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, pale pale alipozoea kusimama mwenye nyumba ya zamani, akasema, “Shemeji, mama yako hakusema kesho ni mbali. Alisema, mwite wa mbali. Wa mbali ndiye mimi, nimekuja mwenyewe bila kuitwa. Nipe mbegu yangu.”

Wageni walicheka, wakidhani ni utani. Ambilikile hakucheka. Alitazama uchaga, akatazama mtungi, kisha akafanya jambo pekee aliloweza kulifanya. Akajaza bakuli kubwa la togwa, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima. Subilaga akalipokea, kwa sababu ana watoto na wana njaa, akaenda nalo nyumbani. Watoto wakanywa, wakalamba vidole, wakauliza kama kesho ipo nyingine. Walikuwa wanakunywa shamba lao, na lilikuwa tamu kweli.

Asubuhi mvua ikanyesha. Haikuwa ya manyunyu, ilikuwa mvua ya kupandia, ile ambayo wazee huitolea shukrani. Watu walitoka na majembe, wakafika mpaka ukingoni mwa mashamba yao, wakasimama. Hakuna aliyekuwa na cha kutupa udongoni. Mvua ikawalowesha wakiwa wamesimama. Gwakisa ndiye aliyeanza kupiga kelele. Aliranda kati ya mashamba yale akilia, “Mwite wa mbali! Mwite wa mbali!” Watu wakamwonea huruma, wakasema njaa imempanda kichwani, kwa maana kati ya hao hakuna aliyekumbuka maneno hayo yametoka wapi. Kaka yake alikumbuka, lakini alikuwa amejifungia ndani.

Subilaga alimbeba mtoto mmoja mgongoni na kuwashika wengine mkono, akavuka mlima kwenda kwa kaka zake, ambako mbegu zilikuwa bado zipo. Ni mwendo mrefu kwa miguu midogo. Wakubwa walifika. Kitindamimba hakufika. Alizikwa kando ya njia, na walioshika majembe walikuwa wapita njia wasiomjua yeye wala mama yake.

Mnafikiri kijiji kile kilijifunza? Mwaka uliofuata waliomba mbegu huku na huku, wakavuna kidogo, wakapika togwa. Kulikuwa na harusi. Bwana harusi alisimama, mtungi ukiwa katikati, na mnajua aliita nini, na mnajua walimjibu nini. Waliitikia kwa sauti moja, na Gwakisa alikuwepo. Midomo yake ilifunguka. Akatazama kulia na kushoto, akaona watu wamefurahi baada ya mwaka wa taabu, akaona tena kwamba si mahali pake, akafunga midomo.

Mimi simlaumu mtani, kazi yake ni kuchekesha. Ambilikile nimekwisha kumlilia. Anayeninyima usingizi ni huyu mwenye adabu, mpole, aliyekuwa na maneno yote ya mama yake kifuani, akayatunza vizuri kama mtu anayetunza mbegu asiyotaka kuipanda kamwe. Nami nikiwatazama ninyi mlioketi hapa, najua kuna waliolelewa na mama wa namna ile, na wanaujua mwisho wa msemo. Niambieni basi: mnamngoja nani auseme, na mpaka azikwe mtoto gani?